Mangi, usimpe fundi rangi hiyo pikapu kwanza

Arusha, Jumapili jioni

Mangi wangu,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Huku wote wazima, ni baridi tu ya Meru inayotukumbusha makoti. Picha zako nimezipata, na ule ujumbe wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, matusi yakiwemo. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na suala hili ukiliendea kwa hasira utajinyima haki yako mwenyewe.

Unalalamika kwamba gari ni jipya, hata mwaka halijamaliza, na rangi inapukutika. Ni kweli. Lakini nilivyoziangalia picha, boneti ina ugonjwa wake na paa lina wake, na wewe umeyafunga yote kwenye furushi moja. Ukienda kwa wakala na furushi hilo, atakuonyesha alama za mawe kwenye boneti, atafungua kitabu cha dhamana pale palipoandikwa kwamba madhara ya mawe hayahusiki, na safari yako itaishia hapo. Wale wanajua kazi yao.

Anza na rangi yenyewe. Bodi ikiwa bado tupu kiwandani inazamishwa kwenye dimbwi la rangi yenye umeme, ndiyo ile ya kijivu au nyeusi inayoshika chuma na kuzuia kutu. Juu yake hupigwa praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi unayoiona, kisha klia, lile tabaka angavu la juu linalong'aa. Jumla ya vyote ni kama maikroni 100 hadi 150, yaani unene wa karatasi moja ya daftari au zaidi kidogo. Klia peke yake ni maikroni 40 au 50 hivi. Kwa hiyo tunapogombana kuhusu rangi ya gari la mamilioni tunagombania karatasi, na jiwe halijali ulilipa shilingi ngapi.

Sasa boneti. Zile nukta zako ni mawe, sikufichi. Unapita Himo kwenda Rombo ukiwa umejibana nyuma ya malori ya kokoto, unategemea nini? Nguvu ya jiwe inakwenda na mwendo mara mwendo: ukishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60, kipigo kinapungua karibu nusu. Mwachie lori nafasi. Na hayo matairi mapana uliyofunga ili gari lionekane la kiume yametokeza nje ya fenda, ndiyo yanayorusha changarawe kwenye milango yako mwenyewe. Rudisha madigadi uliyoyang'oa. Hapo simlaumu kiwanda hata kidogo.

Ila kabla hujazipuuza, chukua tochi uangalie chini ya kila kidonda. Ukiona kijivu, chuma bado kimefunikwa na una muda. Ukiona chuma kinang'aa, au kimeanza kuwa na rangi ya chai, hicho kizibe wiki hii, masika haisubiri mtu. Na kama jiwe dogo limebandua kipande kipana cha rangi, huku praima iliyobaki chini ni laini na safi, hapo rangi haikushikana tangu mwanzo. Kidonda cha namna hiyo kipige picha peke yake na ukihamishie kwenye kesi ya paa.

Kwenye paa ndipo ulipo na hoja. Hakuna jiwe lililokwenda kupiga katikati ya paa, Mangi. Ule weupe wa maziwa na zile kingo zinazonyanyuka ni klia inayoachana na rangi. Wakala atakwambia ni jua, na jua la huku si la mchezo kweli: Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na miale inayounguza huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nyie Moshi mko chini yetu, mna nafuu kidogo. Halafu linatupitia utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Lakini klia imetiwa dawa za kupambana na miale hiyo, na kazi yake ni kukaa juani miaka. Ikifa ndani ya miezi, mkosaji si jua. Ama ilipigwa nyembamba, ama rangi ya chini haikukauka inavyotakiwa, ama kulikuwa na mafuta au vumbi katikati.

Na haya si mageni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, pikapu nyingi za Marekani zilibanduka rangi kwa mapande kwa sababu viwanda viliruka ile praima ya kati. Mwanga ulipenya mpaka kwenye tabaka la chini, ambalo ni la epoksi, aina ya plastiki ngumu, na epoksi ikipigwa na jua hugeuka unga. Rangi ikabaki imesimama juu ya unga. Kwa hiyo mtu akikwambia kiwanda kikubwa hakikosei, mcheke tu.

Kuna jambo la tatu ninalolihofia zaidi. Gari jipya linaweza kukwaruzwa melini, bandarini Dar es Salaam au njiani likipandishwa huku, likapulizwa upya kimyakimya kabla wewe hujaliona. Paa lako linanipa shaka hiyo. Fundi mmoja hapa Arusha ana kipimo cha unene wa rangi, nitakiazima kwake nije nacho Jumamosi. Tutapima milango, kisha paa. Milango ikisoma 120 na paa likasoma 300, basi uliuziwa gari lililorudiwa rangi, na lugha ya kuongea na wakala itabadilika. Mpaka nifike, inua mpira wa juu ya kioo cha mbele uone kama kuna mstari wa rangi uliokomea kwenye ukingo. Huo ni mstari wa gundi ya karatasi ya kufunikia, kiwandani hawana haja nayo pale.

Ndiyo maana nakuomba usimpe mtu alipige msasa. Yule kijana wako wa karibu na stendi ni hodari, lakini akigusa paa tu, ushahidi umekwenda na dhamana nayo. Piga picha mchana, andika barua ya paa peke yake, taja tarehe uliyonunua na tarehe uliyoona kasoro, wagongee muhuri nakala yako. Wakikuzungusha, Tume ya Ushindani ndiyo inayopokea malalamiko ya walaji, chini ya sheria ya mwaka 2003.

Na wazo la kupulizia boneti nzima upya liache. Klia ya kiwandani inaokwa kwenye nyuzi kama 140, gari likiwa halina viti wala nyaya. Sisi tunatia hadina, ile dawa ya kugandisha rangi, tunasubiri ikauke kibandani, na vumbi la jirani anayekata vyuma linakuja kukaa juu yake. Utabadilisha rangi nzuri yenye nukta kwa rangi mbovu isiyo na nukta. (Halafu wale vijana wanapulizia wakiwa wamejifunga leso puani! Hadina ina kemikali iitwayo isosayanati, inaleta pumu, na leso haizuii kitu. Ukimpenda fundi wako mnunulie barakoa ya maana.)

Kwenye kifurushi nimekuwekea chupa ndogo ya rangi, nimeichanganyisha kwa namba uliyonisomea kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, praima, klia, na msasa laini. Fanya kivulini, gari likiwa la baridi. Osha, futa mafuta, sugua ndani ya kidonda tu. Penye chuma weka praima kwanza. Rangi weka kwa ncha ya kijiti cha meno, kidogo, iache ikauke, rudia. Ukimwaga tone moja kubwa litasimama na kuonekana kutoka Marangu. Klia mwisho, kesho yake.

Ile karatasi ya plastiki angavu ya kubandika nayo nimeiulizia. Ina unene wa maikroni 150 hadi 200, inazuia mawe kweli, lakini ni ghali. Weka ukingo wa mbele wa boneti tu. Hiyo dawa ya kupaka ya seramiki wanayokupigia debe inang'arisha na maji yanateleza, jiwe haliioni.

Nitafika Jumamosi kabla ya saa sita. Mwambie shemeji nimekumbuka mtori wake, na mbege iwe ya jana.

Wako,
Rafiki yako wa Arusha

N.B. Usiegeshe tena chini ya ule mparachichi. Kinyesi cha ndege kikikaukia juani kinachimba klia. Ukikikuta kilowanishe kwanza kwa maji mengi ndipo ukifute, na wale vijana wa kuosha magari wakatazwe lile dekio lao lenye mchanga.