Kijiti kilikuwa mkononi na mimba ikaingia: sasa nichague njia gani?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, nimeolewa, naishi Ifakara. Tuna watoto wawili, binti anayekaribia miaka 6 na mdogo wake wa kiume mwenye miezi 5. Kwetu ni Mahenge, na nakutajia makusudi kwa sababu ugonjwa nilio nao kule si mgeni: nina kifafa. Kilinianza nikiwa na miaka 12. Nimekua nikiwaona watu wazima wenye makovu ya moto kwa kuangukia jikoni, kwa hiyo dawa zangu sizichezei. Zamani nilikuwa natumia fenobabitoni, sasa ni kabamazepini, asubuhi na jioni, na mume wangu ndiye anayenikumbusha.

Binti yetu alipofikisha miaka 3 tulikubaliana tupumzike kwanza. Mume wangu ni fundi pikipiki, mimi nauza mchele kwa kilo sokoni, na kuna miezi kipato kinakatika kabisa. Nikaenda kwenye huduma ya uzazi wa mpango. Nesi alinipima presha na uzito, akaniuliza siku zangu niliziona lini mara ya mwisho, akasema kijiti ndicho kinachowafaa akina mama wenye shughuli nyingi: ukishawekewa, miaka 3 umetulia. Akanichoma ganzi, akakiingiza upande wa ndani wa mkono wa kushoto, akanifunga bandeji. Hakuniuliza natumia dawa gani, na mimi sikusema. Kliniki ya kifafa ni siku nyingine, chumba kingine, kadi nyingine. Sikujua kwamba kadi ile na hii zinahusiana.

Mwaka mmoja na miezi mitano baadaye nikaanza kuchukia harufu ya vitunguu. Siku zangu zilikuwa hazieleweki tangu niwekewe kijiti, hivyo kutoziona hakukunishtua. Nilikwenda nikidhani ni malaria, nikapimwa na mkojo, nikaambiwa nina mimba. Shangazi, nilikaa kwenye benchi lile nimejishika mkono. Kijiti nakigusa kwa kidole, kipo palepale, kigumu kama njiti ya kiberiti chini ya ngozi. Nesi wa zamu akaniambia mbele ya watu, "Wewe ulienda kukitoa mtaani." Nikamnyooshea mkono akipapase mwenyewe. Akapapasa, akanyamaza, akaita mgonjwa mwingine.

Aliyenieleza ni daktari wa kliniki ya kifafa. Alisema dawa kama yangu, na fenobabitoni, na fenitoini pia, zinalifanya ini limalize homoni haraka kuliko kawaida. Kijiti kinatoa homoni kidogo kidogo kila siku, na kwangu mimi kidogo hicho kinaisha nguvu kabla hakijafanya kazi. Vidonge vya majira ni hivyo hivyo, hata vile vya dharura. Akasema ipo dawa ya kifafa ambayo haigombani na kijiti, sodiamu valproeti, lakini hiyo mwanamke akishika mimba inaweza kumdhuru sana mtoto tumboni, kwa hiyo hawezi kunibadilishia mradi bado nafikiria kuzaa. Kijiti kikatolewa. Akanisisitiza nisiache kabamazepini kwa kumwogopea mtoto, akanipa na foliki, vidonge vya vitamini kwa wajawazito.

Mtoto alizaliwa mzima. Akilia, mafundi wenzake baba yake wanamsikia hadi barabarani. Nampenda, na sitaki mtu asome barua hii adhani namjutia. Kinachoniuma ni kwamba swali moja tu, "Mama, unatumia dawa gani nyingine?", lingetosha, na hakuna aliyeuliza.

Sasa tatizo langu. Namnyonyesha maziwa yangu tu, usiku na mchana, hajaonja hata maji, na tangu nijifungue sijaona siku zangu. Nimeambiwa hali hiyo yenyewe inanikinga mpaka atimize miezi 6. Umebaki mwezi mmoja. Akianza uji kinga hiyo imekwisha, na mimi sijachagua.

Nilirudi kuuliza, na safari hii nilizitoa kadi zote mbili kwenye bahasha nikaziweka mezani kabla sijaulizwa. Nesi mwingine akazisoma, akaniambia, "Kwa hali yako ungefunga kizazi tu. Wawili wanatosha. Utalea vipi huku unaanguka?" Mama mkwe naye amelishikilia neno hilo hilo. Kwake, wa kike yupo, wa kiume yupo, kazi imekwisha. Hasemi kwa ubaya, yeye ndiye aliyenishika kichwa nisijigonge nilipoanguka uani mwaka juzi, na ndiye aliyenitazama nikijifungua. Lakini mimi bado namtaka mtoto wa tatu, labda baada ya miaka 3 au 4. Kufunga ni kufunga, huwezi kwenda kesho ukasema nifungulieni. Na ninajiuliza, mwanamke wa miaka 29 asiye na kifafa angeambiwa hivyo siku ya kwanza tu?

Daktari ameniachia njia mbili ambazo dawa zangu haziziingilii: kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, na sindano ya miezi mitatu. Kondomu tunazo, ila nisikudanganye, sisi wenyewe tunajijua, zipo siku tunazembea.

Kitanzi hakina homoni hata kidogo, shaba yenyewe ndiyo inayofanya kazi, kwa hiyo ini langu halina cha kumaliza. Kinakaa miaka 10 na zaidi, na siku nikitaka mtoto nakitoa, mimba inaweza kuingia mwezi huohuo. Hilo linanivutia sana. Lakini nimeambiwa miezi ya mwanzo damu ya mwezi huongezeka na tumbo huuma zaidi, na mimi nilipokuwa na mimba damu yangu ilishuka hadi 9, nikala matembele na vidonge vya damu mpaka nikavichoka.

Kuna na jambo la kalenda. Ukutani kwetu ipo kalenda tuliyopewa dukani, na mume wangu alikuwa anaweka alama ya X kila siku ninayoanguka. Mimi nikawa naweka duara siku ninazoingia mwezini. Mwaka ule kabla ya kuwekewa kijiti, karibu kila mwezi, X ilikaa siku moja au mbili kabla ya duara. Nilimpelekea daktari kalenda yenyewe nimeikunja. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema kwa baadhi ya wanawake kifafa huchochewa na mwezi, na sindano, kwa kuwa mara nyingi hukata siku, huenda ikanipunguzia kuanguka. Hakuniahidi, alisema huenda. Lakini wewe mwenyewe fikiria, mtu aniambie huenda nikakaa miezi bila kuanguka nikiwa nimembeba mtoto!

Nikataka kuichagua papo hapo. Ndipo akaniambia upande wa pili. Sindano ikitumika miaka mingi hupunguza uimara wa mifupa, na kabamazepini nayo hufanya vivyo hivyo. Mtu anayeanguka sakafuni ndiye anayehitaji mifupa imara kuliko wote. Halafu ukiiacha uzazi haupotei, ila huchelewa kurudi, inaweza kufika miezi 10 na zaidi tangu sindano ya mwisho. Mdogo wangu alisubiri zaidi ya mwaka, na maneno aliyoyasikia kwa mawifi zake mwaka ule sitaki kuyasikia mimi.

Mume wangu hapingi uzazi wa mpango, nashukuru. Kinachomtisha ni kitanzi. Kijiweni wamemwambia nyuzi zake zinamchoma mwanaume, na kwamba kinapanda hadi moyoni. Nilimwambia kinakaa ndani ya mji wa mimba, hakina njia ya kufika moyoni, na nyuzi ni laini, zikimsumbua zinapunguzwa. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Na kijiti walisema hakifeli." Hapo nilikosa neno. Yeye ndiye aliyeamka usiku kunisugua miguu mimba yote ile, na aliuza spana zake nzuri tulipokwama kwenye maandalizi ya kujifungua. Imani yake ilivunjika pamoja na yangu.

Shangazi, nakuomba unisaidie, wewe na wasomaji waliopitia haya, hasa wanawake wenye kifafa, maana mtaani hatujitaji.

Kwanza, kati ya kitanzi na sindano, mwenye hali kama yangu aanze na kipi? Nimewaza nitumie sindano kwa mwaka mmoja, nitazame kalenda inasema nini, kisha nihamie kitanzi mapema ili uzazi uwe umerudi nikifikisha miaka 33. Ni mpango wa busara au najizungusha? Pili, nimpeleke mume wangu kwa daktari akaulize mwenyewe mambo ya nyuzi, au nikimpeleka ataona namtilia shaka kichwa chake? Hajawahi kuingia chumba kile, huwa ananisubiri nje kwenye pikipiki. Tatu, mama mkwe nimjibu vipi bila kumvunjia heshima? Nikinyamaza anadhani nimekubali, na juzi nimemsikia anamwambia jirani kwamba mwezi ujao napelekwa kufunga.

Mtoto anatimiza miezi 6 tarehe 14 mwezi ujao. Nikipata jibu kabla ya hapo nitashukuru sana.

Ni mimi,
Mama wa Wawili,
Ifakara