Bajeti ikija, tuwekeeni mtu wa utani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mwezi wa sita bajeti husomwa, na nyie hutujazia kurasa kwa mabilioni na matrilioni, halafu huku Busia, Uganda, mpakani na Kenya, kurasa hizo tunafungia chapati. Sisemi kwa ubaya, manake nani anazimaliza zile tarakimu? Ombi langu ni moja tu, mwaka huu kwenye kurasa hizo wekeni mtu wa utani.

Mnaikumbuka OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii? Julai 2018 tukaambiwa kila siku utoe shilingi 200 ndo uingie WhatsApp au Facebook, na mheshimiwa rais alikuwa ashalalamikia umbea wa mitandaoni, basi watu wakaibatiza kodi ya lugambo, yaani umbea kwa Kiganda. Weh! Kila asubuhi mtu anakuuliza leo lugambo umelipia au unachungulia simu ya jirani, hadi wazee wasiojua kutuma meseji wakajua VPN, ile programu ya kuikwepa kodi hiyo, ni nini. Ilikuwa kero kweli, lakini hakuna aliyeisahau maana ilichekwa kila siku. Halafu Julai 2021 ikatolewa, ikaletwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Sasa niambie, hiyo asilimia 12 utani wake ni upi? Hakuna! Imekaa kimya ndani ya bando, ukiwauliza watu wanakwambia OTT si ilifutwa, tulishapumua, kumbe kila wakinunua bando wanalipa. Sijui kama wakubwa walipanga hivyo ila kama walipanga, wana akili.

Angalia mashimo ya Kampala pia. Yalikuwepo miaka na miaka, magazeti yakaandika, watu wakalalamika, mwisho wakazoea tu kuyakwepa. Mwezi wa nne 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mwalimu wa chuo kikuu na mchora katuni, akaanzisha maonyesho ya mashimo mtandaoni, yaani piga picha shimo la mtaani kwenu ulilete kama kazi ya sanaa. Ikawa mashindano, huyu lake lina kina, yule lake linatosha kufugia bata, na barabara waliyokuwa wakipita kila siku ndo wakaiona sasa. Haikuchukua muda rais akaagiza zitolewe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo ya jiji. Bado yapo, sikatai (anayebisha apande boda Kampala mvua ikinyesha), lakini nilichopenda ni kwamba hakukuwa na haja ya kumtukana mama wa mtu. Kilichochekwa ni shimo. Hata afisa wa jiji angeweza kucheka, akishafunga mlango wa ofisi.

Vijana wengi wakikasirika wanarukia matusi moja kwa moja, na mtu ukishamtukana anatafuta jibu tu, hakusikii. Najua hata mzaha hapa kwetu si bure, wale wachekeshaji wa kundi la Bizonto walikamatwa 2020 kwa kamchezo kao kafupi, ndo maana nasema utani wa pole pole, unaocheka jambo sio mtu.

Kwa hiyo mchora katuni wenu mtoeni kule alikobanwa nyuma karibu na matangazo ya tanzia, mumkalishe na mwandishi wa uchumi wasome miswada ya kodi mstari kwa mstari, na wakikuta kitu kimejificha kwenye bando au sabuni au mafuta wakichore. Akikosa la kuchekesha atuulize sisi wasomaji, huku mpakani utani haujawahi kuadimika.

Msomaji wenu,
Busia