Dola ya 1804 na zawadi ya Sultani: soma kabla hujaisugua

Haupiti muda mrefu kabla simu ya duka letu la sarafu haijaingiza picha ya dola ya fedha yenye mwaka 1804. Mara inatoka Maskati, mara Mombasa, mara Unguja, na maneno ni yale yale: "Shikamoo, hii ilikuwa ya marehemu babu, tumesikia ni ya mamilioni." Hatuwacheki. Hadithi hiyo ina ukweli ndani yake, tena unatuhusu sisi watu wa pwani.

Mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, Sultani wa Maskati na Unguja. Mjumbe wao, Edmund Roberts, aliporudi kwao akataka zawadi zinazomstahili mfalme, na kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kikaandaa seti ya sarafu za nchi. Dola ya fedha ilikuwa haijapigwa tangu 1804, basi mafundi wakaiandika mwaka huo, ingawa wakati huo ulikuwa umeshafika 1834. Dola 19,570 zilizomo kwenye daftari la kiwanda la 1804 zilipigwa kwa mihuri ya miaka ya nyuma. Yaani hakuna dola yenye 1804 iliyopigwa 1804!

Roberts akasafiri na manowari Peacock. Ilitia nanga Unguja Septemba 1835, kisha ikielekea Maskati ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah, mpaka mizinga ikatupwa baharini ili chombo kiwe chepesi. Zawadi zilifika salama.

Leo dola za 1804 zinazojulikana ni 16 tu, ukijumlisha na zilizopigwa baadaye kwa ajili ya wakusanyaji. Ile inayohesabiwa kuwa ya Sultani iliuzwa mnadani kwa dola milioni 4.14 mwaka 1999, na milioni 7.68 mwaka 2021. Ya kumi na saba ikitoka kabatini kwa mama yako tutafurahi kukushinda wewe mwenyewe, ila hatujaiona bado.

Tunazoziona ni za bandia, na nyingi hazichukui hata dakika mbili kutambulika. Dola halisi ya zama hizo ilitoka kiwandani ikiwa na gramu 26.96. Mizani ya sonara inatosha kukupa jibu la kwanza: ikisoma gramu 20, hata ukingo hatuutazami. Ikipita hapo, tunaigeuza ubavu. Dola za kweli zimeandikwa thamani yake pale ukingoni, kwa Kiingereza, kwamba ni senti mia, dola moja. Bandia nyingi zina ukingo wa meno meno kama sarafu ya kisasa.

Lakini kinachotuuma zaidi ni sarafu ya kweli iliyoharibiwa kwa mapenzi. Mzee mmoja alituletea dola ya 1799. Uzito sawa, ukingo sawa, nywele za Bibi Uhuru, yule mwanamke wa upande wa mbele, bado zinahesabika. Mwaka huo si adimu, lakini fedha yake si ya kudharau. Tatizo, shangazi yake alikuwa ameisugua kwa ukwaju na majivu usiku wa kuamkia safari, ipendeze. Ilikuwa nyeupe kama sufuria mpya. Chini ya taa, tulipoiinamisha kidogo, uso mzima ukaonyesha mikwaruzo myembamba iliyokwenda upande mmoja, kama nyayo za fagio kwenye mchanga.

Kwa nini jambo hilo ni kubwa? Sarafu za Marekani hupewa daraja kwa kipimo cha 1 hadi 70, kilichoanzishwa na William Sheldon mwaka 1949. Moja ni ile iliyolika hata inatambulika kwa shida. Kuanzia 60 haijapita mikononi mwa wanunuzi. Kampuni za kupima kama PCGS na NGC huifunga sarafu kwenye kasha la plastiki lenye namba hiyo. Iliyosuguliwa hainyimwi kasha, ila hunyimwa namba: huandikwa kuwa imesafishwa, na bei inashuka papo hapo. Ule weusi uliokukera ndio ushahidi kwamba imetulia miaka mia mbili bila kuguswa. Hakuna dawa ya kuurudisha.

Msiogope kila mkwaruzo, hata hivyo. Mistari mizito, sambamba, iliyozama chini ya picha yenyewe, huenda ni ya tupa ya kiwandani. Kipande cha fedha kikizidi uzito, walikikwangua kwanza ndipo wakakipiga muhuri. Hiyo si kosa la shangazi.

Na wengine, samahani, mmetutumia riale ya malkia Maria Theresa. Ina 1780, ina mama mnene mwenye shela, na pwani yetu ilifanya nayo biashara kuliko dola yoyote. Ni ya Austria, na zote zilizopigwa baada ya kifo chake zina mwaka huo huo, kwa hiyo mwaka haukwambii umri.

Ukitaka tuitazame yako, ishike pembeni kwa vidole viwili, usiipitishie hata kitambaa. Tutumie picha tatu kwa mwanga wa dirishani: mbele, nyuma na ukingo, pamoja na uzito kutoka kwa sonara wa mtaani kwenu. Kutazama picha hatutozi. Ukingo msiusahau, maana ndio picha inayokosekana kila mara.