Kabla hujashuka mgodini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeirudia kuisoma. Hongera kwa kazi. Ila pale ulipoandika kwamba wenzako wanakushauri usimtajie daktari habari ya pumu, wasije wakakunyima nafasi, moyo haukutulia.

Usimfiche. Ulikuwa mdogo mno kukumbuka usiku tuliokesha tumekuketisha kitandani kwa sababu ukilala pumzi inakata. Mimi nakumbuka. Mwambie ilianza ukiwa mdogo, ilikuwa ikikubana zaidi kwenye vumbi, na ilikuacha ulipofika darasa la nne. Huenda akapima upumuaji wako akaridhika nao. Huenda akasema kazi ya kuchoronga miamba haikufai, utafute nyingine. Vyovyote atakavyoamua, aamue akiwa anaijua hali yako. Ukimficha, cheti atakachokuandikia kitakuwa cha mtu mwingine, na wewe ndiye utakayeshuka nacho.

Tena usione aibu kudai kipimo hicho, maana si fadhila ya mwajiri. Mwaka 1965 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 124 kwa ajili ya vijana wa chini ya miaka 21 wanaofanya kazi chini ya ardhi migodini. Nchi iliyouridhia inatakiwa kuhakikisha kijana anapimwa kwa kina kabla ya kuanza, kisha anapimwa tena bila kupitisha mwaka mmoja. Kwa mwenye miaka kati ya 18 na 21, kama wewe, nchi inaweza kuweka uangalizi mwingine wa kitabibu, mradi usiwe hafifu kuliko huo. Na gharama haikuhusu wewe wala mimi mzazi wako. Mkataba umetutaja hata sisi wazazi. Akitokea mtu wa kukwambia utakatwa mshahara kwa ajili ya vipimo, mwulize ni kwa sheria gani.

Picha ya mapafu ndiyo nisiyotaka uikose. Mkataba unaitaka katika kipimo cha kwanza, na baadaye daktari akiona inahitajika. Vijana wengi huiona ni usumbufu, kwa kuwa wanajiona wazima. Lakini inapigwa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba bado u mzima. Vumbi linaloumiza, la mwamba wenye silika, yaani madini yaliyomo hata kwenye mchanga, si lile unalojifuta usoni. Ni lile jembamba lisiloonekana kwa macho, linaloshuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko likiacha makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa, na hurahisisha njia ya kifua kikuu. Mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, na mtu anaweza kuwa tayari ameathirika bila hata kukohoa. Siku daktari atakapotilia shaka doa fulani, atataka kujua kama lilikuwepo kabla ya mgodi. Bila picha ya mwanzo atalinganisha na nini? Na ukija kudai fidia, utasimamia wapi?

Masikio nayo yapimwe, kwa kuwa mashine za kuchoronga zinapiga kelele kwenye nafasi finyu, na usikivu ukishapotea kwa kelele haurudi. Kama umewahi kuzimia au kupata kizunguzungu, useme. Kule chini kuna joto na giza, na anayeanguka karibu na mashine huwaponza na wenzake.

Kuhusu hofu yako kwamba siri zako zitasomwa ofisini: rekodi ambayo mkataba unamtaka mwajiri aiweke ina tarehe yako ya kuzaliwa, aina ya kazi yako, na cheti kwamba unafaa kuifanya. Cheti hicho hakitakiwi kuwa na taarifa za ugonjwa. Mkaguzi anaweza kuitazama, na wawakilishi wa wafanyakazi wakiiomba. Ya pumu yanabaki kwa daktari.

Kadi yako ya kliniki ya utotoni ninayo. Niandikie siku ya kupimwa mapema niitume ikufikie kabla. Na daktari akitaka kujua ni dawa gani ulikuwa ukitumia, mpe namba yangu, nitamweleza mwenyewe.

Wako akupendaye,
Baba