Kabla ya kumpa wakili kesi ya ardhi, mpime kwa karatasi zako

Mhariri,

Ilani ya kuhama ikishabandikwa kwenye kuta za Kisauni, Likoni au Majengo hapa Mombasa, wakazi huanza kuchanga pesa jioni hiyo hiyo. Kesho yake wanamkimbilia wakili waliyetajiwa na dalali, mzee wa mtaa au mwanasiasa. Makosa mengi yanayozamisha kesi za ardhi hapa Pwani huzaliwa katika saa hizo chache, faili hata haijafunguliwa.

Kesi ya kufurushwa ina pande mbili. Kuna ardhi yenyewe: rejista, ramani, hati, nani aliuziwa lini na nani. Halafu kuna haki za Katiba: Kifungu cha 40 kuhusu mali, cha 43 kuhusu makao, cha 47 kuhusu uamuzi wa haki wa maafisa wa serikali, na cha 22 kinachomruhusu mtu kwenda mahakamani haki hizo zikitishiwa. Wakili hodari wa kuhamisha hati huenda hajawahi kusimama mbele ya jaji kwa ombi la kikatiba. Mtetezi wa haki za binadamu naye huenda anajua sana kuzungumzia utu wa mwanadamu, lakini ukimwekea rejista mezani hajui aanze kusoma wapi. Mtafute aliyezishika pande zote mbili.

Kumhakiki si kazi ngumu. Ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, uandike jina lake. Leseni ya wakili huisha kila tarehe 31 Desemba, kwa hivyo cheti cha mwaka jana kilichotundikwa ukutani hakikusaidii. Kisha tafuta jina hilo kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu huchapishwa na mawakili waliofika kortini hutajwa. Soma mbili tatu, hata zile alizoshindwa. Kushindwa si aibu, ila kesi zake tatu zikitupwa kwa kuchelewa au kwa kupelekwa mahakama isiyofaa, hapo umeshajua.

Ukikutana naye, hakikisha umekutana naye yeye, si karani wake. Afisi nyingi za mjini zina makarani wanaojua maneno ya sheria kuliko wanavyojua sheria. Muulize kwanza: kesi hii utaipeleka mlango gani? Mizozo ya ardhi ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa chini ya Kifungu cha 162(2)(b) na sheria yake ya 2011, na mahakama hiyo husikiliza pia maombi ya kikatiba yanayohusu ardhi. Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20. Fidia ya ardhi iliyotwaliwa na serikali ina jopo lake, na kodi ya duka ina baraza lake. Wakili akikuambia “tutaipeleka tu Mahakama Kuu, majaji ni wale wale,” chukua bahasha yako uondoke. Mahakama isiyo na mamlaka huweka kalamu chini hata kama una haki ya kupita kiasi, na hukumbuka hilo baada ya wewe kumaliza miaka miwili na pesa zote.

Swali la pili ni la ilani. Mpe aisome mbele yako. Sheria ya Ardhi ya 2012, kwa marekebisho ya 2016, inataka anayekalia ardhi ya mtu binafsi bila idhini apewe ilani ya maandishi ya miezi mitatu au zaidi. Watu wakiwa wengi, ni lazima ichapishwe katika magazeti yasiyopungua mawili yanayosambazwa nchi nzima, ibandikwe mahali pasipopungua patano kwenye ardhi hiyo, na nakala ipelekwe kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Wakili anayeijua kazi hii atatazama tarehe, atauliza ilibandikwa wapi, atauliza nani aliipiga picha. Asiyeijua atakunja karatasi na kusema “hii tutaipinga.” Kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, kilipewa siku 7 mwaka 2011 kisha kikabomolewa. Kesi yao, Mitu-Bell, ilifika Mahakama ya Juu, na uamuzi wa Januari 2021 ukaeleza wajibu wa serikali kwa watu wanaokalia ardhi ya umma bila hati, na ukaruhusu majaji kuendelea kusimamia utekelezaji wa maagizo yao. Wakili wa kesi za kufurushwa ambaye hawezi kukueleza kesi hiyo kwa dakika tano bado hajafika mahali unapomhitaji.

Swali la tatu ndilo linalowaangusha wengi Mombasa: wewe unaikalia ardhi hiyo kama nani? Hapa kwetu kuna nyumba zisizo na ardhi. Mtu amejenga, nyumba ni yake, anaweza kuiuza na kuirithisha, lakini kiwanja ni cha mwingine na kila mwezi analipa kodi ya kiwanja. Wakili mgeni wa mambo haya akisikia “nimekaa hapa miaka 40” hukimbilia kudai umiliki kwa ukaaji wa zaidi ya miaka 12 chini ya Sheria ya Muda wa Mashtaka. Dai hilo linataka ukaaji wa wazi, usiokatika na usio na ruhusa ya mwenye ardhi. Zile risiti ulizozifunga kwa mpira na kuzihifadhi kabatini kama dhahabu, kila moja inasema “mwenye kiwanja amekuruhusu.” Ukizipeleka kortini kuthibitisha miaka yako, umemkabidhi mpinzani ushahidi wake. Risiti hizo hizo zina nguvu katika kesi ya aina nyingine, ya mpangaji wa kiwanja anayedai ilani ya kutosha na thamani ya jengo lake. Kwa hivyo mmwagie wakili risiti zote mezani kabla hajaandika neno, na mtazame anazipanga vipi. Akizipuuza, hajui. Akitafuta mwezi ambao kodi ilikoma kulipwa na kwa nini ilikoma, anajua anachokitafuta. Ajue pia kwamba hesabu ya miaka 12 haisimami dhidi ya ardhi ya umma, na kwamba dai hili hufunguliwa pamoja na nakala ya rejista iliyothibitishwa na msajili.

Kwa wanaonunua, neno ni moja: hatimiliki haitoshi. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali, Mahakama ya Juu ilisema kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hati ikiwa mgao wa kwanza wa ardhi haukufuata sheria. Upekuzi wa rejista wa siku moja unaoonyesha jina la muuzaji ni mwanzo wa kazi tu. Wakili wako aifuate hati hadi shinani: ilitoka wapi, nani aligawa, kwa barua gani, ramani ilipitishwa lini, na je, ardhi ilitengewa barabara, shule au njia ya kwenda baharini? Aende na mpima ardhi hadi kwenye mawe ya mipaka. Akikuambia hayo yatachukua wiki kadhaa, shukuru. Akikuambia kesho utapata hati, ogopa.

Mkataba nao usomwe hadi ukurasa wa mwisho. Sheria ya Mikataba, sehemu ya 3(3), inataka uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwapo. Mara nyingi utakuta sahihi ya muuzaji iko peke yake, na mstari wa shahidi chini yake uko wazi kama siku ulipochapishwa. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mauziano yanakuwa batili na unabaki kudai pesa zako kama deni. Nyumba ya ndoa inahitaji idhini ya mke au mume. Na usikubali wakili mmoja awe wako na wa muuzaji, hata mkiambiwa mtaokoa pesa. Siku mtakapogombana, atamtetea nani?

Sasa ada, mahali ambapo watu huona haya kuuliza. Malipo ya kuhamisha ardhi yana kiwango kilichowekwa kwa kanuni, na wakili haruhusiwi kutoza chini yake, kwa hivyo bei ya kutupa ni dalili mbaya. Ada ya kesi mnaweza kupatana, na mapatano yaandikwe na utie sahihi. Yataje ada inahusu nini: barua ya madai pekee, kesi hadi hukumu, au na rufaa? Nauli, mpima ardhi na kunakili karatasi vinalipwa na nani? Kuhusu ada ya mahakama, Kifungu cha 22(3)(c) cha Katiba kinasema kusitozwe ada ya kuanzisha ombi la kutetea haki. Mtu akikuandikia pesa nyingi za “kufungua ombi,” omba maelezo na risiti ya mahakama.

Kuna mapatano mawili ambayo Sheria ya Mawakili, sehemu ya 46, inayakataa, na bado yanafanywa kila siku: wakili kulipwa pale tu mtakaposhinda, na wakili kununua sehemu ya mali inayogombaniwa. “Tukishinda mnipe nusu ya shamba” huwavutia wasio na pesa. Mkataba huo hauna nguvu, na wakili anayeuleta mezani amekuonyesha namna anavyoiheshimu sheria. Asiye na uwezo aende Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, au Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwahudumia maskini tangu 1973. Pesa za ununuzi ziingie kwenye akaunti ya wateja ya afisi ya wakili, kamwe si kwenye simu ya karani.

Mkiwa kundi, andikeni orodha ya kila mlalamishi, nambari ya kitambulisho, sahihi, na nyumba yake ilipo. Wote watie sahihi karatasi ya kuwaidhinisha wachache waape kwa niaba yao. Bila hiyo, wakili wa upande wa pili atauliza hawa 80 wako wapi, na jaji atabaki na watatu. Michango ikae benki kwa sahihi za watu watatu, na wakili apokee maagizo kutoka kwa kamati, si kwa mwenyekiti peke yake. Mwenyekiti mmoja anaweza kununuliwa kwa usiku mmoja.

Faili ikishafunguliwa, dai nambari ya kesi na uifuatilie mwenyewe kwenye tovuti ya Idara ya Mahakama. Zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha ubomoaji, likitolewa bila upande wa pili kusikilizwa halizidi siku 14, kwa hivyo wakili asiposhughulika lirefushwe, tingatinga linaweza kurudi siku ya 15 bila kuvunja amri hiyo. Zuio la muda lenyewe huweza kuisha baada ya miezi 12 kesi ikiwa haijamalizika. Kesi isiyoguswa mwaka mzima inaweza kutupwa. Dai la fidia kwa madhara uliyotendewa na serikali lifunguliwe ndani ya miezi 12 tu. Ukishindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ilani ya kukata rufaa iwasilishwe ndani ya siku 14. Ziandike tarehe hizo kwenye kalenda ya nyumbani. Wakili mzuri hatakasirika ukimkumbusha.

Jambo la mwisho ni karatasi asili. Mpe nakala, na hati asili zitoke mkononi mwako pale tu zinapohitajika, naye akupe karatasi yenye muhuri inayoorodhesha kila kitu alichopokea. Ukitaka kumbadilisha, jua kwamba anaweza kuzuia faili hadi alipwe, na ukiona bili imezidi unaweza kuomba msajili wa mahakama aikadirie. Kabla ya hukumu, ilani ya kubadilisha wakili inatosha. Baada ya hukumu, wakili mpya anahitaji ruhusa ya mahakama au ridhaa ya yule wa zamani, na wengi hutupiwa maombi yao nje kwa kulisahau hilo. Malalamiko ya kula pesa au kutelekeza kesi yapelekwe kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, yakiwa na risiti, mapatano ya ada na barua zote mlizoandikiana.

Msaidizi wa kisheria,
Kisauni, Mombasa