Somo, angalia tarehe ya chini

Songea,
14 Juni.

Somo yangu mpenzi,

Picha ya cheti cha kuzaliwa cha bibi yako nimeipata, nikaikuza mpaka macho yakaniwasha. Hongera kwa kuhangaika. Lakini usininunie nikikwambia usikimbilie kukitia kwenye fremu. Jina ni lake, wilaya ni yake, baba ni yuleyule. Sasa teremsha macho mpaka chini, kwenye tarehe ya kusajiliwa: 1984. Bibi amezaliwa 1931, ameandikishwa miaka 53 baadaye! Na siku yenyewe 1 Julai. Wazee wangapi wa nchi hii walizaliwa 1 Julai, somo? Ukiona hivyo, ujue karani aliuliza tarehe, mzee akakuna kichwa, wakakubaliana katikati ya mwaka.

Wala si kosa lao. Sheria ya usajili ya 1920, enzi za Mwingereza, haikumlazimisha Mwafrika kuandikisha mtoto. Kwa hiyo cheti cha mzee wa umri ule mara nyingi kilitafutwa ukubwani, pale shida ilipobisha hodi, na kilichoandikwa ni kile mtu alichoapa. Ni karatasi halali kabisa. Ila inakueleza mambo ya 1984 kuliko ya 1931.

Nasema haya kwa sababu mimi yamenikuta. Cheti cha babu tulikikuta kwenye sanduku lake la bati, kimekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya khaki: amezaliwa 1925. Shangazi alipokiona akacheka. "Baba alitaka afikishe umri wa mafao. Yeye kazaliwa mwaka wa nzige!" Nzige walitusumbua mwanzoni mwa miaka ya 1930, basi tayari miaka kama saba imeshayeyuka.

Nikaenda parokiani. Huku kwetu Wabenediktini walifika Peramiho 1898, na mapadre wale walikuwa watu wa kuandika. Karani alinitolea daftari la ubatizo, zito kama tofali, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Kila mtoto ana namba yake, ile unayoiona kwenye vyeti vya Kanisa imetanguliwa na LB, yaani Liber Baptizatorum, daftari la waliobatizwa. Maelezo ni ya Kilatini, lakini usiogope, maneno ni yaleyale ukurasa kwa ukurasa. Baada ya saa moja unajua filius ni mtoto wa kiume na natus ni amezaliwa. Kazi iko kwenye majina. Yohane wetu huko ni Johannes, na jina la ukoo padre Mjerumani kaliandika alivyolisikia. Lisome kwa sauti, utalitambua kwa sikio kabla ya jicho.

Nikampata! Johannes, baba yule, mama yule, 1929. Nikataka kupiga vigelegele mle ofisini. Nimeshatoa kalamu ninakili, karani akaweka kidole pembeni ya mstari: msalaba mdogo wa wino, na 1930. Huyu alikufa ana mwaka mmoja.

Tukaendelea kufunua. Mwaka 1932, Johannes tena, baba yuleyule, mama yuleyule. Pembeni yake hakuna msalaba. Kuna mwandiko mwingine, wino mwingine: ameoa 1953, jina la bibi yangu, na parokia ya huko Tanga. Babu alichukuliwa na SILABU, ile ofisi iliyokusanya vibarua wa mashamba ya mkonge, kwenda kukata mkonge, akawa manamba kama vijana wengi wa Kingoni wa wakati ule, akaolea hukohuko. Kanisa lina kanuni kwamba ndoa ikifungwa kokote, taarifa irudishwe alikobatizwa mtu, iandikwe pembeni ya jina lake. Ule mstari ndio uliomtofautisha babu na marehemu kaka yake. Jina la mtu na la baba yake visingetosha.

Basi wewe anzia hapo. Kilema yenu huko Kilimanjaro ni misheni ya 1890, madaftari yake ni ya miaka mingi, na akina Maria kama bibi yako watakuwa tele. Tafuta kwanza cheti cha ndoa cha bibi, kinaweza kuwa na namba ya LB, ukishaipata hata tarehe huihitaji. Ukikosa, uliza kigango chao, lile kanisa dogo la kijijini, enzi hizo kilikuwa chini ya parokia ipi. Kinaweza kuwa parokia leo, lakini watoto wa wakati ule waliandikwa parokia mama. Na utakapomkuta Maria wa kwanza, usifunge daftari. Endelea miaka mitano mbele.

Jambo la yule mtoto wa 1929 nyumbani hakuna aliyelijua. Nilipomsimulia shangazi alinyamaza kitambo, chai ikapoa mkononi. Kisha akaniambia kwamba mama yake babu hakuwahi kumwita mwanawe Yohane, alimwita jina la Kingoni ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Karudi. Wote walidhani ni kwa vile alirudi kutoka mkonge.

Nisalimie shemeji na watoto, na unitumie picha ya ukurasa ukiupata.

Ni mimi somo yako.