Jua la Ugogo lianzie kisimani

Ndugu Mhariri,

Kila inapotajwa nishati jadidifu na maendeleo endelevu, mazungumzo huishia kwenye taa: vijiji vingapi vimefikiwa na nguzo, kaya ngapi zimeunganishwa, megawati ngapi zimeingia gridini. Siyabezi hayo hata kidogo. Bwawa la Mwalimu Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 ni kazi kubwa ya taifa, na treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 tunaipanda kwa furaha. Ila kwa sisi wa vijijini huku Ugogo, mkoani Dodoma, naomba sola ianzie kwenye pampu za maji. Taa zitafuata.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka mvua nyingine. Ikifika Septemba malambo yameshakauka, na kina mama wanafukua mchanga makorongoni kutafuta maji wanayogombea na ng'ombe. Binti anayeamka saa nane usiku kuwahi foleni ya ndoo atasinzia darasani, hata kama kwao umeme upo.

Visima virefu tunavyo, ingawa havitoshi. Kinachoviua vingi ni dizeli. Mafuta yanashushwa bandarini Dar es Salaam, yanasafirishwa hadi mjini, halafu yanapakiwa kwenye madumu na kupelekwa kijijini kwa bodaboda, na kila yanapopita bei inaongezeka. Jumuiya ya watumia maji inakusanya hela ya ndoo, na sehemu kubwa ya hela hiyo inarudi kwenye tangi la jenereta. Mwaka 2022, bei ya mafuta ilipopanda duniani hadi Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi mmoja, jumuiya ndogo za vijijini zilikuwa zinajadili kama zipandishe bei ya ndoo au zizime mashine. Mashine ikizimwa, watu wanarudi korongoni ilhali maji yako pale pale chini ya ardhi.

Naomba tupige hesabu kidogo, kwa sababu wengi bado wanadhani sola ni ya kuchajia simu tu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Kijiji cha watu 2,000 kinahitaji basi lita 50,000 kwa siku. Kuyapandisha maji hayo mita 100, toka kisimani hadi kwenye tenki la mnarani, kunahitaji karibu uniti 14 za umeme. Pampu na mabomba hupoteza nguvu nyingi njiani, kwa hiyo tuseme uniti 28. Jua la hapa kwetu, hata tukilihesabia saa tano tu za nguvu kamili kwa siku na tukatoa hasara ya vumbi na joto, litazizalisha uniti hizo kwa paneli 16 za wati 450. Zinatosha kwenye kiwanja cha mita za mraba 40, nacho kila kijiji kinacho.

Na hapa betri haihitajiki, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Betri ndiyo inayopandisha gharama ya sola majumbani, na ndiyo inayokufa mapema. Kwa pampu, tenki linafanya kazi hiyo: maji yanapandishwa mchana, yanachotwa jioni na alfajiri. Tena miezi ambayo mbingu haina wingu ndiyo miezi ambayo maji yanatakiwa zaidi. Linganisha na mabwawa. Bwawa la Mtera, mpakani mwetu na Iringa, halipaswi kuzalisha umeme kina kikishuka chini ya mita 690 kutoka usawa wa bahari. Ukame ulipolishusha, nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme mwaka 2006, na tena mwaka 2011. Mwaka ambao mvua inalinyima bwawa maji, jua linazidi kutuwakia. Vyanzo hivi viwili vinafaa kusaidiana.

Hata hivyo kuna hatari ambayo lazima tuikabili mapema. Dizeli, kwa ubaya wake wote, inamlazimisha mtu azime mashine. Jua halimlazimishi. Pampu inaweza kuachwa ikavuta kutwa nzima, ikamwagilia bustani za wachache, mpaka kisima kikaishiwa. Kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji katika bonde la Makutupora, linaloulisha mji wa Dodoma, zinaonyesha kwamba maji ya chini hayajazwi na mvua za kawaida za kila mwaka. Yanajazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya 1997/98. Maana yake tunayochota mwaka huu huenda yakasubiri miaka kadhaa kurudishwa. Kila pampu ya sola ifungwe pamoja na dira ya maji, na kina cha kisima kipimwe na kuandikwa kila mwezi.

Nisingependa pia wanasiasa watuahidi maji ya bure kwa kuwa jua ni la bure. Inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa paneli ufae kwa pampu, huungua. Paneli huibiwa. Vumbi la Agosti likiachwa wiki kadhaa, paneli haitoi nguvu yake. Hela ya ndoo iendelee kukusanywa, ipungue kwa kadiri dizeli ilivyoondoka, na inayobaki iwekwe benki kwa ajili ya vipuri. Vijana wawili wa kijiji husika wapelekwe chuo cha ufundi stadi cha VETA wasomee sola, ili fundi asisubiriwe kutoka mjini huku watu wanakaa na kiu.

RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, tangu ianzishwe mwaka 2019, imekuwa ikifunga pampu za sola sehemu mbalimbali, na kwa hilo tunaishukuru. Ombi langu kwao na kwa halmashauri za Chamwino, Bahi, Chemba, Kongwa na Mpwapwa ni kwamba watengeneze orodha ya visima vyote ambavyo bado vinategemea dizeli, kila kimoja na kina chake na kiasi cha maji kinachotoa kwa saa. Orodha hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji kabla bajeti ijayo haijajadiliwa, ili diwani wetu akisimama kwenye baraza ajue ni visima gani anavyoviombea fedha.

Mkazi wa Wilaya ya Chamwino,
Dodoma